Kuiga, Kuigiza na Kukaimu: Maoni Kuhusu Istilahi za Programu Zinazojaza Nafasi ya Kifaa Kilichokosekana

1.0 Utangulizi

Katika semina moja ya tafsiri, mwanafunzi wa uzamili aliwasilisha rasimu ya mwongozo mfupi wa matumizi ya kompyuta. Mwongozo huo alikuwa akiufasiri kwa Kiswahili kwa ajili ya watu ambao, kutokana na ulemavu wa mikono, hawawezi kubonyeza vitufe. Sehemu kubwa ya maelezo ilihusu programu inayochora kibodi kwenye skrini, ili mtumiaji achague herufi kwa kipanya au kwa kifaa kingine cha kuelekezea. Mfasiri aliiita programu hiyo 'kibodi bandia'. Mjumbe mmoja wa semina akauliza: "Bandia ya nani? Ya benki au ya tapeli?" Watu walicheka, lakini swali lenyewe halikupata jibu siku ile.

Makala hii fupi inajaribu kulijibu. Inakusudia kuonyesha kwamba tunapozipa majina programu zinazojaza nafasi ya kifaa ambacho kompyuta haina, tumezoea kuangalia mfanano baina ya programu na kifaa, ilhali jambo la msingi ni kazi inayofanywa na uhusiano wa programu hiyo na kifaa kisichokuwapo. Tutatetea maoni kwamba Kiswahili tayari kina neno linalobeba uhusiano huo, nalo ni kukaimu. Aidha, tutaonyesha mipaka ya neno hilo, kwani istilahi isiyojulikana mipaka yake huleta mkanganyiko uleule iliokusudiwa kuuondoa.

2.0 Mfano wa Ukanda wa Kugusa

Ili mjadala usiwe wa nadharia tupu, tuchukue mfano mmoja ambao historia yake inafahamika vema. Mwezi Oktoba 2016 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa kompyuta mpakato mpya za aina ya MacBook Pro. Katika baadhi yake, safu ya juu ya vitufe vya kibodi iliondolewa na mahali pake pakawekwa skrini ndefu na nyembamba ya kugusa, yenye nukta 2170 kwa urefu na 60 kwa kimo. Skrini hiyo iliitwa Touch Bar. Katika makala hii tutaiita ukanda wa kugusa. Vitufe vilivyoonekana juu yake vilikuwa picha, navyo vilibadilika kulingana na programu iliyokuwa ikitumika. Mtu aliyekuwa akiandika barua aliona vitufe vya kuandikia, na aliyekuwa akihariri picha akaona vya kuhariri picha.

Kifaa hicho kilizua tatizo kwa waandishi wa programu. Walitakiwa kuziandalia programu zao vitufe vya ukanda, lakini wengi wao hawakuwa na kompyuta yenye ukanda huo. Hata aina mojawapo ya MacBook Pro iliyotolewa wakati huohuo ilibaki na safu ya vitufe vya kawaida, na kompyuta za mezani za kampuni hiyo hazikuwahi kuwekewa ukanda. Kwa sababu hiyo, katika Xcode 8.1, programu ya Apple ya kutengenezea programu nyingine iliyotoka mwezi uleule, kiliwekwa chombo kilichochora ukanda mzima kwenye skrini ya kawaida. Mwandishi wa programu aliweza kuubofya kwa kipanya, na kitufe alichokibofya kikafanya kazi yake.

Haukupita muda, watengenezaji wa nje ya kampuni wakatoa programu ndogo za kuuonyesha ukanda huo bila kumlazimu mtu kupitia Xcode. Mojawapo ni Touché ya Red Sweater, iliyotolewa mwaka huohuo wa 2016. Programu hizo zilitegemea uwezo uliokuwa umekwisha kuwekwa ndani ya mfumo wenyewe wa kompyuta. Kwa njia hiyo, hata mtu asiyekuwa mwandishi wa programu aliweza kuuweka ukanda kwenye skrini ya kompyuta isiyokuwa nao na kuutumia atakavyo.

Historia ya ukanda wenyewe haikuwa ndefu. Mwaka 2019 kitufe cha Esc, kilichokuwa kimegeuzwa picha, kilirudishwa kama kitufe cha kubonyeza katika aina moja ya kompyuta hizo. Mwaka 2021 safu nzima ya vitufe ilirudishwa katika aina kubwa mpya, na mwezi Oktoba 2023 aina ya mwisho yenye ukanda ikaondolewa sokoni na kampuni iliyoibuni.

Je, programu iliyouchora ukanda kwenye skrini tuiiteje kwa Kiswahili?

3.0 Maneno Yanayotumika Sasa

3.1 Bandia

Neno la kwanza linalomjia mfasiri ni bandia. Lina maana zisizopungua tatu katika matumizi ya kawaida. Mtoto wa bandia ni kichezeo. Meno ya bandia na mguu wa bandia ni viungo vinavyomsaidia mtu aliyepoteza vyake vya asili. Noti bandia na vyeti bandia ni vitu vya ulaghai. Maana ya pili ndiyo iliyokusudiwa na mfasiri wetu, nayo ina heshima yake: meno ya bandia yanatafuna chakula cha kweli. Hata hivyo, katika mawasiliano ya kompyuta na simu, maana ya tatu ndiyo iliyoshika nafasi. Watumiaji wanaonywa kila mara kuhusu tovuti bandia na ujumbe bandia.

Katika muktadha huo, 'kibodi bandia' ni jina la hatari. Kuna mifumo halali inayomtaka mtumiaji aandike neno lake la siri kwa kubofya tarakimu zilizochorwa kwenye skrini. Pia tapeli anaweza kuchora kibodi inayofanana nayo ili kunasa siri hiyo. Ikiwa vyote viwili vinaitwa kwa jina moja, onyo kuhusu cha pili litamfanya mtumiaji akiogope cha kwanza. Mtu ambaye kibodi ya skrini ndiyo njia yake pekee ya kuandika hastahili kuambiwa kwamba chombo chake ni jamaa wa noti bandia.

3.2 Pepe

Wapo wanaopendekeza pepe, kwa kufuata mfano wa barua pepe. Istilahi barua pepe imekubalika, na si nia yetu kuibomoa. Lakini kuichukua sehemu yake ya pili na kuipachika kila mahali panapohusika na kompyuta kuna kasoro mbili. Kwanza, pepe inatuambia kwamba kitu hakishikiki. Haituambii kinafanya nini wala kimechukua nafasi ya nini. Pili, mkulima wa mpunga anaijua pepe kuwa ni punje isiyo na kiini. Katika barua pepe maana hiyo imefunikwa na mazoea. Katika 'kitufe pepe' ingefufuka, na kitufe kingeonekana kuwa ganda tupu, ilhali kinafanya kazi.

3.3 Kuiga na kuigiza

Maneno yanayostahili kuzingatiwa zaidi ni -iga na -igiza, lililonyambuliwa kutokana nalo. Mara nyingi wafasiri huyatumia kwa kubadilishana, ilhali wazungumzaji huyatofautisha vema. Anayeiga hufuata sura au mwenendo wa mwingine: mtoto anaiga mwendo wa babu yake. Anayeigiza huvaa nafasi ya mwingine mbele ya watazamaji, na pande zote mbili zinafahamu kwamba ni maigizo. Daktari wa jukwaani hatibu mtu, wala hakuna anayemlaumu kwa kutotibu.

Tofauti hii inatufaa. Chombo kilichowekwa ndani ya Xcode kilikusudiwa kuwa uwanja wa majaribio. Mwandishi wa programu alitaka kuona vitufe vyake vitakavyokaa kwa mtumiaji atakayekuwa na ukanda wenyewe. Yeye mwenyewe hakuwa na haja ya ukanda. Alikuwa akifanya mazoezi kabla ya onyesho. Hapo neno -igiza linatosha, na 'kiigizio cha ukanda' ni jina linaloeleweka.

Lakini mtu aliyeiweka Touché kwenye kompyuta yake ya mezani na kuutumia ukanda huo kila siku hakuwa katika mazoezi. Alipobofya kitufe, sauti ilipungua kweli na maandishi yalikolezwa kweli. Kusema kwamba programu hiyo 'inaigiza' ni kuikanushia kazi iliyoifanya. Hapa ndipo tunapohitaji neno la tatu.

4.0 Hoja ya Kukaimu

Kila msomaji wa jarida hili amewahi kupokea barua iliyotiwa saini na kaimu. Kaimu Mkuu wa Idara si mkuu wa bandia, wala haigizi ukuu. Saini yake inapitisha matokeo ya mitihani sawasawa na saini ya mkuu mwenyewe. Wala halazimiki kufanana naye kwa sura, sauti au mwandiko. Linalotakiwa ni kwamba nafasi iko wazi, yeye ameishika, na shughuli za ofisi zinaendelea. Asili ya neno inaafiki maana hiyo, kwani limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kusimama: kaimu ni anayesimama mahali pa mwingine.

Uhusiano huo ndio uliopo baina ya programu tunazozijadili na vifaa vilivyokosekana. Kibodi ya skrini, ambayo imekuwa sehemu ya Windows tangu Windows 2000, hupeleka herufi kwenye programu ya kuandikia kama vile kitufe kimebonyezwa, na programu hiyo huipokea herufi kama ilivyozoea. Windows 95 nayo ilikuja na uwezo wa kukisogeza kishale kwa vitufe vya tarakimu, kwa manufaa ya mtu asiyeweza kutumia kipanya. Vitufe vya tarakimu havifanani na kipanya hata kidogo. Neno kuiga haliwezi kueleza kinachotendeka hapo, lakini kukaimu linaeleza. Katika miaka hiyohiyo ya 1990, watumiaji wa XFree86 waliokuwa na vipanya vya vitufe viwili waliweza kuvibonyeza vyote kwa pamoja, na mfumo ukahesabu kwamba kitufe cha kati kimebonyezwa. Kitufe cha kati hakikuwapo, wala hakikuchorwa popote, lakini kazi yake ilifanyika.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatokana na ukanda wenyewe. Kitufe cha Esc kilipoondolewa mwaka 2016, baadhi ya waandishi wa programu walilalamika, maana walizoea kukibonyeza mara nyingi kwa siku bila kukitazama. Toleo la mfumo wa macOS lililotoka wakati huo liliruhusu kitufe kingine, kwa mfano Caps Lock, kipewe kazi ya Esc. Mtu anayelijua Kiswahili cha ofisini hatapata taabu kueleza jambo hilo: Caps Lock imekaimishwa nafasi ya Esc.

Zaidi ya hayo, neno kukaimu linatuepusha na mgogoro usio na mwisho kuhusu kipi ni halisi na kipi si halisi. Itakumbukwa kwamba vitufe vya ukanda wa kugusa vilikuwa picha juu ya kioo. Esc ya ukandani ilikuwa picha ya kitufe kilichoondolewa, na programu iliyouchora ukanda kwenye skrini ilionyesha picha ya picha hiyo. Anayeng'ang'ania kipimo cha uhalisi atalazimika kusema kwamba picha ya kwanza ni halisi na ya pili ni bandia, bila sababu ya msingi ila kwamba ya kwanza iliuzwa pamoja na kompyuta. Kipimo cha kukaimu kinauliza jambo jingine kabisa: ni nafasi gani iliyo wazi, nani ameishika, na je, shughuli inafanyika?

5.0 Pingamizi na Mipaka

5.1 Pingamizi la ngeli

Huenda mwanaisimu akasema kwamba kaimu ni neno la mtu, nalo huchukua upatanisho wa viumbe hai: kaimu amefika. Je, tutasema 'kaimu amefunguka kwenye skrini'? Pingamizi hili ni la haki, lakini lugha yenyewe imekwisha kuonyesha njia. Kifaru anayelala porini hupatanishwa kwa a-. Kifaru cha vita hupatanishwa kwa ki-, nacho 'kimeharibika'. Maana ilipohama kutoka kwa kiumbe hadi kwa chombo, upatanisho nao ulihama.

Tunapendekeza kwamba katika istilahi hizi kaimu liwekwe baada ya nomino ya kifaa, kama kivumishi, na nomino hiyo ndiyo itawale upatanisho: kibodi kaimu imefunguka, kitufe kaimu kimebofywa, ukanda kaimu umefichwa. Muundo wa nomino kuifuata nomino nyingine na kuifafanua si mgeni. Tunasema askari kanzu na bata maji. Mpangilio wa ofisini, yaani kaimu kibodi, uepukwe, kwa kuwa unalifanya kaimu kuwa neno kuu na kulirudisha kwenye upatanisho wa mtu.

Kwa upande wa uzalishaji, neno hili halina upungufu. Tunalo tendo kukaimu, hali ya ukaimu, na kukaimisha kwa kitendo cha mtumiaji anayekipa kitufe kimoja kazi ya kingine. Tahadhari moja tu inahitajika: kukaimisha kusichanganywe na kukasimu. Anayekasimu madaraka yupo, na amegawa sehemu ya madaraka yake. Anayekaimiwa hayupo.

5.2 Pale ambapo kaimu hatoshi

Si kila programu inayochora kifaa inastahili jina hili. Ukanda wa kugusa ulipokea vidole kadhaa kwa wakati mmoja. Kipanya kina kishale kimoja. Pembeni mwa ukanda palikuwa na kitambuzi cha alama ya kidole, na hakuna picha ya skrini inayoweza kukisoma kidole cha mtu. Kwa hiyo ukanda wa skrini ulikaimu baadhi ya kazi na kuziacha nyingine, kama vile kaimu wa ofisini anavyozuiwa kuamua mambo fulani. Mwongozo mzuri hauna budi kumweleza mtumiaji kazi zipi zimekaimiwa na zipi hazikukaimiwa. Tunaona kwamba hili ni fao mojawapo la istilahi yenyewe, kwani humkumbusha mwandishi kuuliza swali ambalo 'bandia' na 'pepe' hayamchochei kuliuliza.

Pia programu ileile inaweza kuwa kiigizio mikononi mwa mmoja na kaimu mikononi mwa mwingine. Mwandishi wa programu aliyeufungua ukanda ili kujaribu vitufe vyake alikuwa na kiigizio. Jirani yake aliyeufungua ili kufanya kazi zake za kila siku alikuwa na kaimu. Watakaotaka programu moja iwe na jina moja daima hawataridhika na maelezo haya. Jibu letu ni kwamba mfasiri hafasiri programu. Hufasiri matini, na matini ina msomaji na kusudi.

Mwisho, ukaimu unadai kwamba nafasi ingalipo. Tangu ukanda wa kugusa ulipoondolewa sokoni mwaka 2023, programu ya kuuchora imebaki ikishika nafasi katika cheo kinachoelekea kufutwa. Kwa mtu anayeichunguza ili kueleza vifaa vya zamani vilivyofanya kazi, programu hiyo inarudi kuwa ya kuiga tu, kwani haja yake ni sura na mwenendo wa kitu kilichopita. Hapo -iga, neno tulilolikataa kwingine, ndilo linalofaa.

6.0 Hitimisho

Makala hii imependekeza maneno matatu kwa mahusiano matatu. Kuiga kubaki kwa programu inayofuata sura na mwenendo wa kifaa kwa ajili ya kukijua au kukikumbuka. Kuigiza kuwe kwa programu ya majaribio, ambayo anayeitumia anajua kwamba onyesho lenyewe liko mbele. Kukaimu kuwe kwa programu inayoshika nafasi iliyo wazi na kuifanya kazi yake. Neno bandia liachwe kwa ulaghai kila linapotumika katika mambo ya kompyuta, ingawa katika meno na miguu litaendelea na heshima yake ya siku zote.

Yapo maoni kwamba mijadala ya namna hii ingoje uamuzi wa vyombo vya usanifishaji. Baraza la Kiswahili la Taifa lina mamlaka hayo nchini Tanzania tangu mwaka 1967, na mapendekezo haya yanatolewa yakitambua mamlaka hayo. Lakini miongozo inafasiriwa kila siku, na wanaofasiri wengi wao ni wanafunzi wetu. Wanachagua maneno usiku mmoja kabla ya kukabidhi kazi, na neno walilolichagua ndilo litakalosomwa na mtu anayeketi mbele ya kompyuta bila mtu wa kumuuliza.

Mwanafunzi aliyetajwa mwanzoni alirudi na rasimu ya pili. Alikuwa amefuta 'kibodi bandia' na kuandika 'kibodi ya skrini', maelezo ya wazi yasiyo na kosa, lakini yanayotaja mahali kibodi ilipo bila kutaja kazi yake. Nilimwomba aongeze sentensi moja tu mwanzoni mwa sura: kwamba kibodi hii inakaimu ile ya mezani, na kila herufi utakayoichagua hapa itaandikwa kama umeibonyeza kule. Msomaji aliyekusudiwa alihitaji kuambiwa hivyo kabla ya jambo jingine lolote.